Kufungua vikundi vipya vya akiba kwa mfano wa kile kilichofaulu: niliyoyaona Arua na Nakivale

Dada, swali lako nimelisoma. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa cha wauza matoke pale soko la Kalerwe, Kampala, kimefika mgao wa akiba na faida mara tatu bila ugomvi, na sasa mfadhili anataka mfungue vingine kumi na vitano mwaka huu: vya bodaboda, vya akina mama wa Kiislamu, vya wakimbizi. Unauliza mchukue katiba yenu ilivyo au kila kundi lijiandikie yake. Mimi nimezunguka na masanduku ya akiba miaka sita, Arua kwanza halafu Nakivale kwa wakimbizi, na nimeharibu vya kutosha. Kabla ya katiba, jiulizeni: katika yote mnayoyafanya Kalerwe, ni lipi likitolewa kikundi kinakufa?

Maana hata kikundi chenu ni nakala. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Hawakuandika kitu. Hesabu ilikaa kichwani mwa wanachama. Ulipofika huku kwetu West Nile, upande wa Arua, mwishoni mwa miaka ya 1990 na kusambaa, tukazoea vijitabu na mihuri ya hisa, mhuri mmoja kwa kila hisa ya akiba mtu aliyonunua. Yaani mambo mengi yalibadilika njiani. Fedha kuhesabiwa mbele ya macho ya wote, hilo halikuguswa.

Mimi niliyang'ang'ania yanayobadilika, nikayabadilisha yasiyobadilika. Arua tulifungua kikundi cha bodaboda ishirini na wawili, nikawaletea ratiba ya akina mama wa sokoni: Jumamosi saa nane mchana. Kikao cha tatu walikuja wanne, mmoja wao injini inanguruma nje, abiria kakaa juu. Nikawatoza faini ya kuchelewa, shilingi 500. Mwenyekiti wa steji, kile kituo chao cha bodaboda, akacheka: "Madamu, abiria mmoja ananipa elfu mbili. Faini yako tutalipa." Na walilipa kweli, kila wiki, bila kuja.

Basi tukahamia saa kumi na mbili asubuhi, pale pale steji, kila mtu anaweka 1,000 kabla ya safari ya kwanza. Dakika kumi na tano, basi. Hapo nilipatia. Nilipokosea ni kwenye haraka: ili sanduku lifunguke upesi nikakubali mweka hazina akae na funguo zote tatu za sanduku, badala ya watu watatu kila mmoja na wake. Miezi miwili baadaye tukahesabu, pungufu 340,000. Hakuwa mwizi wa kutoroka. Alikuwa anakopa kidogo kidogo, tairi leo, karo ya mtoto kesho, akitegemea kurudisha. Alirudisha yote. Lakini watu kumi na mmoja walikuwa wameshaondoka, na kwenye steji ile sanduku halitajwi mpaka leo.

Kwa akina mama wa Kinubi, Waislamu, nilijifunza upande wa pili. Nilikwenda na katiba imechapwa vizuri, riba asilimia kumi kwa mwezi. Mama mmoja msuka mikeka alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema: "Mwanangu, sanduku lako zuri. Hiyo asilimia kumi iache nje pamoja na viatu." Wakaamua mkopo urudi vile vile ulivyotoka, na sehemu ya fedha wanunue sukari kwa gunia na rangi za kusukia, wauziane, faida igawanywe kwa hisa. Mgao wao ulikuwa mdogo kuliko wa vikundi vingine, na ofisini kwetu ukaandikwa kuwa ni udhaifu. Lakini mwaka mzima hakutoka hata mwanachama mmoja. Mpaka leo sijui udhaifu ule ulikuwa wapi.

Nakivale sitasema mengi. Wakongomani wale akiba wanaijua kuliko sisi. Shida ilikuwa mzunguko wa miezi kumi na miwili, na mkimbizi aliweza kupata safari ya kuhamia Marekani mwezi wa tano wa mzunguko. Tukaukata uwe miezi sita, na siku ya kikao ikafuata siku ya kugawiwa msaada. Hayo tu.

Usidhani mashirika makubwa hayaponzwi na haya. Shirika la maendeleo la BRAC waliingia Uganda mwaka 2006 wakitokea Bangladesh, wakafungua vilabu vya wasichana vinavyoongozwa na binti wa pale pale mtaani, aliyewazidi umri kidogo tu. Watafiti waliovifuatilia walikuta vimesaidia, mimba za mapema zilipungua. Vilabu hivyo hivyo vikapelekwa Tanzania na matokeo yale hayakuonekana. Fedha zilikuwa chache, vilabu vikakosa hata chumba chao cha kukutania. Ukiandika kwenye ripoti, "chumba" ni kitu cha kupunguza. Kwa msichana huenda ndicho klabu yenyewe.

Kwa hiyo kumi na tano kwa mwaka mkatalieni mfadhili. Anzeni na vitatu, kimoja kwa kila kundi, na anayefundisha bodaboda awe mwendesha bodaboda. Wewe kaa nyuma. Wanachama wenyewe wapange siku, bei ya hisa, riba au kutokuwa na riba. Kuhesabu kwa sauti na funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti, hapo msijadiliane na mtu. Na kwenye ripoti andikeni vikundi vilivyofika mgao. Ofisi yetu ilikuwa inahesabu vilivyofunguliwa, ndiyo maana tulikuwa tunafungua tu.

Umeuliza pia masanduku. Mafundi wa Katwe wanachomelea vizuri, pelekeni kipimo. Makufuli msinunue matatu ya rahisi kutoka duka moja: sisi tuligundua mbele ya kikao kizima kwamba ufunguo mmoja unafungua yote matatu.