Soda inakula mifupa ya binti yangu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Binti yangu ana miaka 13. Akitoka shule lazima apitie kibandani anywe kola ya baridi, akifika nyumbani chakula anakigusa tu. Shemeji yangu alitumbukiza mfupa wa kuku kwenye glasi ya kola, akauacha wiki nzima, ukatoka mweusi umelegea. Ni kweli gesi ya soda inakula mifupa na kuzuia chakula kufanya kazi mwilini?
Mama wa watoto watatu, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji yako kanichekesha. Nilipokuwa muuguzi kijana kule Newala niliwafanyia akina mama wa kliniki mchezo huohuo kwa ganda la yai, nikawatisha bure. Mfupa wa glasini umelowa asidi usiku na mchana. Wa mwanao haulowi soda. Soda inashukia tumboni, na tumbo lina asidi yake, kali kuliko hiyo ya chupa. Mbona ndimu unayokamulia pweza huiogopi?

Gesi iondolee lawama. Ni hewa ukaa tu, nyingi inatoka na mbweu.

Kola ndiyo ina maneno kidogo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliopima watu zaidi ya 2,500 wa mji wa Framingham waliona wanawake wanaokunywa kola kila siku wana madini pungufu kwenye mfupa wa nyonga kuliko wanaoinywa kwa nadra. Kwa wanaume hawakuona hivyo, wala kwa soda zisizo kola. Kola ina asidi ya fosforasi na kafeini. Kafeini hupitisha kalsiamu, yale madini ya kujengea mfupa, kidogo kwenye mkojo, kiasi ambacho vijiko viwili vya maziwa vinafidia. Ila kuonekana pamoja si kusababishana. Huenda hao wanywaji wa kola walikuwa na mengine.

Mimi kilichonishtua kwenye barua yako ni hicho chakula kinachoguswa tu. Umri huu ndio wa kujenga mfupa, binti anahitaji kalsiamu miligramu 1,300 hivi kwa siku. Chupa ya mililita 350 inampa sukari karibu vijiko tisa vya chai, shibe ya uongo, na kalsiamu hakuna. Soda haijaiba kitu mfupani. Imekalia kiti cha maziwa na dagaa.

Na dagaa aliwe mzima, na miiba yake, kalsiamu iko humo. Mtindi pia. Mchicha mpikie kwa faida zake nyingine, maana una oksaleti inayoshika kalsiamu isifyonzwe vizuri.

Ukitaka kinywaji kinachozuia chakula kweli, tazama birika lako. Chai ya rangi ikinywewa na mlo inabana madini ya chuma ya maharage na kisamvu, na binti wa umri huu akishavunja ungo anayahitaji sana. Isogeze saa moja au mbili baada ya kula. Msimu wa mabibo ukifika, mpe hayo na mlo wake: yana vitamini C kuliko chungwa, nayo husaidia chuma kuingia.

Kola usiipige marufuku, atainywa kwa kujificha. Ale kwanza, na iwe ya Ijumaa au ya harusi. Mimi mwenyewe harusini siachi yangu moja.

Huo mfupa wa shemeji mtupieni paka.