Vifaranga kufia ndani ya yai

Pole sana, dada. Mayai 30 kutoa vifaranga 9, wengine wakifia ndani wakiwa wameshakamilika, inauma. Kwa ulivyoeleza, naona shida ni unyevu kupungua ndani ya mashine ya kutotolesha. Siku ya 20 tangu uweke mayai, ulikuwa unafungua mashine kila saa kuchungulia. Kila ukifungua, mvuke unatoka, utando wa ndani unakauka na kumganda kifaranga kama karatasi, anashindwa kujigeuza atoboe. Safari ijayo, siku ya 18 acha kugeuza mayai, ongeza maji unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, kisha usifungue tena mpaka vifaranga watoke. Kama mashine yako ina feni, joto libaki nyuzi 37.5. Na kwa huo umeme wenu wa kukatikakatika, mayai 12 mpe tetea anayeatamia. Mpake kwanza dawa ya utitiri, maana wakimzidi atayasusa.