Skolashipu ya masters ukiwa Tanga: jibu refu kwa aliyeuliza kama bila koneksheni haiwezekani

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi, nimekusoma wewe pamoja na wote waliokukatisha tamaa. Kwa watakaoingia hapa moja kwa moja: kijana amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, ana GPA ya 3.3, yupo nyumbani Tanga, ameomba skolashipu "full" za nje zaidi ya mwaka na hajaitwa popote. Mjumbe mmoja akamwambia bila koneksheni anajichosha tu.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini. Masters yangu ilikuwa ya sayansi ya bahari, nikaisoma kwa fedha za watu, na sina mjomba wizarani wala ofisi ya ubalozi. Sasa hivi nipo kwenye uzamivu. Nitajibu kwa yale niliyoyapitia na niliyoyaona kwa wenzangu, kwa hiyo kuna mambo nitayapita haraka kwa sababu wapo humu wanaoyajua kuliko mimi.

Tuanze na hiyo 3.3, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Kwa mizani yetu ya 5, upper second inaanzia 3.5, na skolashipu nyingi kubwa za nje zinataka kuanzia hapo. Chevening kwa mfano, skolashipu ya serikali ya Uingereza, inakupeleka vyuo vya Uingereza ambavyo vingi vinadai kiwango hicho, na juu yake wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili, ambazo wewe uliyemaliza juzi huna. Kwa hiyo mwaka mzima umekuwa ukigonga milango ambayo kwa sasa si yako. Lakini kusajiliwa masters hapa nchini, kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni 2.7. Kwa hapa ndani umevuka. Na ukishakuwa na masters yenye utafiti unaoeleweka, hiyo 3.3 inabaki kuwa mstari mmoja tu kwenye CV.

Sasa hilo neno "full". Hilo ndilo linalokuponza. Unatafuta mtu mmoja akulipie ada, chakula, chumba, utafiti na ndege kwa mkupuo. Watu hao wapo ila ni wachache na foleni yao ni ya dunia nzima. Wengi ninaowafahamu walimaliza kwa fedha za mafungu: ada fungu moja, kujikimu fungu jingine, kazi ya fildi fungu la tatu, na nauli ya kwenda kuwasilisha matokeo fungu la nne, kila moja kutoka kwa mfuko tofauti. Mimi ada ilitoka kwenye mradi wa msimamizi wangu, uliokuwa umetenga nafasi ya mwanafunzi tangu siku unaandikwa. Fildi ikatoka kwenye ruzuku ndogo ya WIOMSA, ile jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar. Wana programu inaitwa MARG: ina fungu la utafiti mdogo, na ina fungu la nauli kwa anayekwenda kuwasilisha kazi yake kwenye mkutano. Mtu wa mazingira aliyezaliwa kando ya bahari asiyeijua MARG namshangaa, samahani kwa kusema hivyo.

Hizi nafasi za ndani ya miradi karibu hazitangazwi. Hapo ndipo kelele za "koneksheni" zinapozaliwa, na sitakudanganya kwamba upendeleo haupo. Niliwahi kuona tangazo la ufadhili linabandikwa ubaoni siku moja kabla ya kufungwa, na aliyepata alikuwa na fomu zake tayari. Lakini mara nyingi zaidi ni hivi: mhadhiri ana mradi, anahitaji mwanafunzi, anamkumbuka yule aliyefanya naye fildi akaleta data safi kwa wakati. Huyo si mjomba wa mtu. Ni kijana aliyejulikana kwa kazi. Na kujulikana kwa kazi kunaanzia pale ulipo.

Hebu tuangalie ulipo. Muheza hapo, safari fupi ya gari kutoka mjini, kuna kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Utafiti milima ile ya Amani una zaidi ya karne, Wajerumani walifungua taasisi yao pale mwaka 1902. Muheza hiyo hiyo ina TARI Mlingano, watafiti wa kilimo wanaoshughulika na mkonge na udongo. Korogwe ilikuwa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Bagamoyo kwenye tawi la Taasisi ya Afya Ifakara. Ile chanjo WHO wakaipitisha Oktoba 2021. Nyingine, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo. Baharini tuna hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, kuanzia mdomo wa mto Pangani kwenda kaskazini, na ile mikoko yote ya Mkinga. Kote huko kuna miradi, na penye mradi pana kazi za msimu za kukusanya data, kuingiza data, kusaidia maabara. Malipo ni posho tu. Lakini ukitoka hapo una saa za uzoefu, una mtu anayeweza kukuandikia barua, na kubwa kuliko vyote una swali lako la utafiti. Mdogo wangu mmoja wa mtaani alianza kwa kuhesabu mbu kwenye mitego, leo anamalizia masters kwa fedha za mradi ule ule.

Nenda na bahasha mkononi, usitume baruapepe peke yake. CV kurasa mbili, transkripti, na nusu ukurasa unaosema unaweza kufanya nini. Usiandike "nipo tayari kwa kazi yoyote". Andika kwamba unatumia QGIS (programu ya kuchora ramani), kwamba unajua kupima mikoko, kwamba unaendesha pikipiki na una leseni. Hiyo ya leseni usiicheke, kwenye miradi ya vijijini imewapa watu nafasi.

Barua yako uliyoiweka hapa nimeisoma. Inaanza, "Tangu utotoni nimekuwa nikiyapenda mazingira na ningependa kuchangia maendeleo ya nchi yangu." Msomaji wa kamati ana mamia ya barua na nyingi zinaanza hivyo hivyo. Wewe umetaja kwenye mchango wako wa pili, kama utani, kwamba shangazi yako Mkinga aliacha kulima kotonii, ule mwani wa bei nzuri, kwa sababu ilikuwa inalainika na kukatika kila joto likipanda, akabaki na spinosamu, mwani mwingine ambao bei yake ni ndogo. Hiyo ndiyo aya yako ya kwanza! Kotonii ina bei nzuri na haivumilii maji ya moto ya kina kifupi, spinosamu inavumilia na hailipi. Swali linajiuliza lenyewe: je, kotonii ikihamishiwa maji ya kina kirefu itapona, na wanawake ambao wengi hawaogelei watafikaje huko? Ukiandika hivyo, anayesoma akiwa Bonn au Brussels anaona mahali, anaona tatizo, na anaona mtu anayeweza kulifuatilia.

Bajeti ndiyo inayowaangusha wengi. Nimekaa upande wa kusoma maombi ya ruzuku ndogo za wanafunzi, na naweza kukwambia ukikuta mstari umeandikwa "usafiri, milioni mbili" basi, unajua mwandishi hajafika fildi. Kazi ya mwani inakwenda na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mchanga na mwezi mpevu, na siku za maji mafu hupimi kitu kwenye mashamba ya ufukweni. Kwa hiyo andika: siku nne kila bamvua, bamvua ngapi, kijiji gani. Kisha nauli ya Tanga hadi kijijini, boti kwa siku na lita za petroli, posho ya msaidizi mmoja ambaye ni mkulima wa pale pale, mabomba ya plastiki ya kutengenezea fremu za kupimia, kamba, mizani ya kutundika, kipimajoto cha maji, mifuko, na karatasi zisizolowa. Weka pia mrejesho, yaani siku ya kurudi kuwaambia wanakijiji umepata nini, na chai yao. Wafadhili wanaipenda hiyo, na hata wasingeipenda ni haki ya wanakijiji. Bei ulizia kwa wenye boti wenyewe, ubaki na jina la uliyemuuliza.

Usisahau kuweka muda wa vibali. Barua inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inateremka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji na viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi. Ukigusa eneo la hifadhi ya bahari kuna ruhusa nyingine. Ukigusa binadamu, hata kwa dodoso, kuna kibali cha maadili. Mpango wa kazi unaoonesha data inaanza kukusanywa mwezi wa kwanza unajieleza wenyewe kwamba ni ndoto.

Kwa walioulizia nje. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, wana ufadhili wa kusoma ndani ya nchi au ndani ya kanda yetu, si lazima Ujerumani, na watu wetu wengi hawaombi kwa kudhani lazima wapande ndege. Angalieni tu kwamba shahada yenu ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, inalipa euro 1,400 kwa mwezi, unasoma nchi mbili au zaidi, na unaomba kwenye programu yenyewe moja kwa moja. Nyingi zinafunga kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo anayeanza kutafuta transkripti Januari ameshachelewa. Wabelgiji kupitia VLIR-UOS wana masters ya bahari na maziwa ambayo kwa mtu wa Tanga imekaa vizuri kabisa. Dada zangu mnaofikiria uzamivu, itazameni OWSD: ni ya wanawake wa sayansi, Tanzania imo, na unasomea chuo cha nchi nyingine ya Kusini. Walio tayari wahadhiri au watafiti kwenye afya ya jamii, itazameni CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika unaosomesha uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ifakara wote ni washirika wake. Kuhusu IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, cheti kinaisha nguvu baada ya miaka miwili, usikimbilie kulipia kabla hujaona nani anakidai. Vyuo kadhaa vinapokea barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza.

Kujinoa ni bure kuliko mnavyodhani. AuthorAID wana kozi za mtandaoni za uandishi wa makala za kisayansi na za maandiko ya ruzuku, hawatozi kitu. Research4Life inafungua majarida ya kulipia kupitia taasisi zetu, muulizeni mkutubi nywila, mara nyingi anayo na hajawahi kuulizwa. Jifunzeni R, programu ya bure ya takwimu. Na mkutano wa WIOMSA ukitangazwa pelekeni ikisiri hata kama data ni ya shahada ya kwanza. Wa 2017 ulifanyika Dar es Salaam, nauli ya basi tu kutoka Tanga, na bado nafahamu vijana wa hapa ambao hawakupeleka kitu kwa kuona ni mambo ya madokta. Mimi nilisimama mbele ya bango langu nikitetemeka, akaja mzee mmoja akauliza maswali ya mizani na kamba kwa nusu saa. Baadaye ndiye aliyekuwa msomaji wa nje wa tasnifu yangu.

Mawakala wa "processing fee": hapana. Chevening, DAAD na Erasmus hawatozi fedha ya kuomba. Chuo kinaweza kutoza ada ya maombi ya udahili, na hiyo unalipa kwa chuo, si kwa namba ya simu ya mtu.

Mwalimu wa Korogwe uliyeuliza kama lazima uache kazi: si lazima. Jumuiya ya Madola wana skolashipu za masafa, unasoma masters ya chuo cha Uingereza ukiwa kituoni kwako. Ila kama ni masomo ya kuondoka, ongea na mwajiri mapema uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, maana ruhusa ikiombwa barua ya ufadhili ikiwa imeshatoka huwa inazungushwa mpaka muhula unaanza.

Mdogo wangu, andika hiyo aya ya shangazi na bajeti ya bamvua moja tu, uiweke hapa tuisome. Jina la kijiji libaki, jina la shangazi litoe.