Nguo Huchakaa Zaidi Kambani Kuliko Mwilini

Shati jeupe ambalo mume wangu alishonesha kwa ajili ya Idi lilivaliwa siku moja tu. Kesho yake nililifua, nikalianika kwenye waya uliofungwa nyuma ya nyumba yetu hapa Mtwara, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, nikalisahau hadi asubuhi iliyofuata. Nilipolianua nilikuta mstari wa rangi ya kahawia umekatiza kifuani kutoka kwapa hadi kwapa, palepale shati lilipokuwa limekunjwa juu ya waya. Ilikuwa kutu. Iliniuma sana, kwa sababu kitambaa kile kilinunuliwa kwa fedha iliyowekwa akiba kwa miezi kadhaa, na aliyekiharibu hakuwa mvaaji bali mfuaji.

Tangu siku hiyo nilianza kuchunguza nguo zangu zinakofia, na nikabaini kwamba nyingi hazimalizwi na kuvaliwa. Humalizwa na beseni, kamba, jua na sanduku. Kwa sisi tunaoishi kando ya bahari, iwe Mtwara, Mikindani au Lindi, jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chuma kisichofunikwa hushika kutu upesi. Niliuondoa waya ule nikafunga kamba ya nailoni, na kila ninapotaka kuanika huipitishia kwanza kitambaa kibichi ili kuondoa vumbi. Vibanio pia vikaguliwe, kwani hata vile vya mbao na plastiki huwa na springi ya chuma ambayo huacha alama ndogo mabegani mwa nguo. Shati lenyewe nililiokoa kwa kulipaka maji ya ndimu na chumvi juu ya doa, nikaliacha kwa muda, nikalisuuza na kurudia mara tatu. Njia hii inafaa kwa pamba nyeupe tu, maana ndimu huweza kuchujua rangi. Ninamsihi msomaji asikimbilie dawa ya klorini anapoona kutu, kwa sababu klorini hulifanya doa hilo lishike zaidi.

Jua nalo ni rafiki wa nguo nyeupe na adui wa nguo za rangi. Katika miezi ya kiangazi, nguo iliyoanikwa saa tatu asubuhi huwa imekauka kabla ya saa sita, lakini wengi wetu tunaiacha hadi magharibi, na saa zote hizo za ziada jua linakula rangi na kudhoofisha nyuzi. Baibui jeusi huanza kupauka mabegani, na kanga hupoteza wekundu wake hata jina lake likasomeka kwa shida. Geuza nguo ndani nje, ianike kivulini penye upepo ikiwezekana, na uianue mara inapokauka.

Kuhusu maji, nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea kwa miaka mingi. Maji ya kisima tunayotumia nyumbani ni magumu, yaani yana madini ya kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ya mche inapokutana na madini hayo haitoi povu kwa urahisi bali hutengeneza utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Mimi nilidhani sabuni haitoshi, kwa hiyo nikawa naongeza na kufikicha kwa nguvu zaidi, na nguo zikazidi kuwa ngumu, zenye rangi iliyofifia, huku kola zikichanika kwa msuguano. Siku hizi nguo nzuri nazifua kwa sabuni ya unga kidogo, ambayo haisumbuliwi sana na maji hayo, naziloweka kwanza ili uchafu ulegee wenyewe, kisha nazisuuza hadi maji yabaki safi. Mvua zinapoanza, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba, nakinga maji ya bati kwenye pipa na kuyatunza kwa ajili ya kusuuzia. Kanga iliyosuuzwa kwa maji ya mvua hulainika mkononi kiasi kwamba tofauti haihitaji kuelezwa.

Msimu wa korosho una balaa lake. Mwaka mmoja mwezi wa Oktoba, binti wa dada yangu alirudi kutoka shambani na gauni lililochuruzikiwa maji ya mabibo kifuani. Nilishika kipande cha sabuni ya mche, na bibi yangu aliyekuwa ameketi barazani akanizuia: "Usilitie sabuni kwanza, mjukuu wangu. Limwagie maji, na uyamwage kwa ndani." Tuligeuza gauni, tukaumimina mtungi mzima wa maji baridi kwa upande wa nyuma ya doa ili liondokee kule lilikoingilia, na ndipo tukafua. Baadaye nilijifunza kwamba mabibo yana tanini, kama ilivyo kwa chai, na sabuni ya mche huweza kuligandisha doa la aina hiyo. Likishakaukia juani, mara nyingi ndiyo basi tena. Mafuta ya ganda la korosho ni mabaya zaidi, kwani huunguza hata ngozi, kwa hiyo kila mmoja wetu ana nguo zake za shamba, na zile za kupulizia salfa, yaani dawa ya mikorosho, hufuliwa peke yake.

Wakati wa mvua tatizo huwa koga. Nguo isikunjwe ikiwa na unyevu wowote, na hata iliyotoka kwenye pasi iachwe ipoe kwanza. Udi hunukisha, lakini haukaushi. Kabati lisigusane na ukuta, na nguo iliyovaliwa isirudishwe humo, kwa kuwa jasho huita wadudu.

Mwisho ni fundi. Ninaposhonesha kitenge, humwomba aache inchi moja ya ziada kwenye mishono ya ubavuni na anirudishie vipande vilivyobaki. Gauni langu la kijani limeshapanuliwa mara mbili kwa ajili hiyo. Kipande chake kimoja hukiweka pamoja nalo, na kila ninapolifua gauni hukifua na kukianika hicho pia, ili siku kitakapohitajika kuwa kiraka, rangi yake iwe imepauka sawasawa na ya gauni.