Kitako cha kikapu kinafumuka, nifanyeje?

Dada, umesema kitako kinakufumukia na katikati kunabaki tundu. Maganda uliyoanzia ni manene mno. Kwa kikapu cha kuzungusha, kama kile kibbo cha Waganda, chukua kishungi cha maganda makavu ya mgomba chenye unene wa penseli, kisha punguza ncha yake iwe nyembamba zaidi. Nyunyizia maji kidogo isije ikavunjika. Zungushia rafia (nyuzi bapa za majani ya mti wa jamii ya mnazi) kwenye ncha kiasi cha urefu wa kidole, ikunje kama konokono, upitishe sindano ya gunia katikati kabisa, tena na tena, ukivuta kwa nguvu mpaka tundu lizibe. Kazi ngumu ni hapo tu, kwingine ni subira.

Ukishavuka hapo, zungusha rafia mara mbili tatu, halafu piga mshono unaoshika mzunguko uliotangulia. Ganda likikaribia kuisha, chomeka jingine ndani yake mapema. Rafia iwe na unyevu tu; ikilowa chepechepe, mishono italegea ikikauka. Ya rangi iache kwanza, jifunzie nyeupe. Ukitaka ukuta wa kikapu uinuke, panga mzunguko juu ya mwenzake badala ya pembeni.