Maswali ya wasomaji: Jazi au klasiki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, naishi Morogoro. Napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani, na usiku najifunza klasiki kwa vitabu vya noti nilivyorithi kwa mjomba. Sasa nimeanza kuipenda jazi, ile ya Wamarekani. Anayenifundisha ananiambia mshika mawili moja humponyoka, nichague. Je, kuna mtu aliyepiga vyote viwili akaishi kwa gitaa maisha yake yote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yupo, na mimi mwenyewe nilibadilisha upigaji wa mkono wangu wa kulia kwa sababu yake. Anaitwa Charlie Byrd, mzaliwa wa Virginia, Marekani, mwaka 1925.

Nilimsikia kwanza kwenye kaseti niliyoinunua Kariakoo, haina hata jalada. Wakati huo nilikuwa napiga ridhimu kwenye bendi ya hoteli, piki mkononi, kile kipande kidogo cha kukwangulia nyuzi. Nilirudisha ule mkanda mpaka ukalegea, nikitafuta kwa nini kodi zake, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, hazilii kama zangu. Zangu nilikuwa nazikwangua, uzi mmoja ukifuata mwingine. Zake zilitoka nyuzi zote kwa mara moja, kama mtu aliyebonyeza kinanda. Kumbe hakutumia piki. Alipiga kwa vidole, kwenye gitaa la nyuzi za nailoni kama hilo lako.

Umefanya vizuri kutaja Wamarekani, maana hapo Morogoro neno jazi lina historia yake. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa bendi ya dansi. Byrd alitoka kwenye jazi ya kubuni papo hapo juu ya kodi, naye aliianza mapema. Baba yake ndiye aliyemfundisha gitaa akiwa na miaka 10. Vita vya Pili vikamfikisha Ulaya akiwa askari, na huko Paris akakutana na Django Reinhardt, mpiga gitaa maarufu wa jazi. Kijana aliyemwona Django angeweza kubaki na jazi tu, asitazame pengine. Yeye alirudi nyumbani akaanza kujifunza klasiki. Mwaka 1950 alihamia Washington, akawa mwanafunzi wa Sophocles Papas, mwalimu wa gitaa la klasiki, na mwaka 1954 akaenda Siena, Italia, kusoma kwa Andrés Segovia.

Hapo ndipo napenda umtazame sana. Alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 29, ameketi mbele ya mpiga gitaa wa klasiki aliyeheshimiwa kuliko wote wakati ule. Alipotoka Siena aliirudia jazi, lakini mkono wa kulia ulibaki wa klasiki. Kwa hiyo mwambie mwalimu wako, kwa adabu, kwamba Byrd alishika kitu kimoja tu, yaani ule mkono, akaupeleka kwenye kila muziki alioupenda. Huko Washington alikuwa na ukumbi wake wa kudumu, Showboat Lounge, akipiga na kundi lake dogo.

Mwaka 1961 serikali ya Marekani ilimpeleka Amerika Kusini kwa ziara ya muziki. Huko Brazil akaikuta bossa nova, muziki wa Kibrazili uliotokana na samba, na mkono wake ulikuwa tayari. Katika bossa nova gumba linatembea na besi bila kuyumba, vidole vingine vinanyofoa kodi katikati ya mapigo. Mwenye piki tupu hawezi kufanya hayo mawili pamoja. Aliporudi akamshawishi mpiga saksafoni Stan Getz, na tarehe 13 Februari 1962 wakarekodi Jazz Samba kwenye ukumbi wa kanisa la All Souls, Washington. Albamu nzima, siku moja! Mwaka 1963 ikashika namba moja kwenye chati ya albamu za pop ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mahali ambapo jazi huioni mara kwa mara. Tuzo ya Grammy kwa Desafinado, wimbo wa albamu hiyo, alipewa Getz, na mpaka leo hilo linaniuma, kwa sababu wazo la kuuleta muziki ule lilitoka kwa Byrd na wenzake wa ile ziara.

Miaka ya 1970 alipiga pamoja na Barney Kessel na Herb Ellis, wakijiita Great Guitars. Wenzake walikuwa na magitaa ya umeme, yeye na nailoni yake. Alifariki mwaka 1999, na riziki yake ilikuwa gitaa.

Sasa wewe. Vitabu vya mjomba usiviweke kando. Kwa wiki mbili, kila siku nusu saa, shika kodi ya A maina (Am). Gumba lipige uzi wa tano, moja, mbili, moja, mbili. Vidole vitatu vinyofoe uzi wa nne, wa tatu na wa pili kwa pamoja, kwanza sawia na gumba, kisha katikati ya mapigo. Gumba likianza kufuata vidole, punguza mwendo mpaka lirudi mahali pake. Halafu niandikie unieleze siku ya ngapi limetulia.