Mkazo wa awali wa springi kwenye kwadi: usikaze kabla hujapima

Mkuu, umeeleza kwamba umekaza springi za kwadi yako ya mashindano (pikipiki ya magurudumu manne) kwa kuzungusha nati zinazozibana hadi nyuzi za shokapu zikakaribia kwisha, kwa sababu ilikuwa ikigonga chini kila ulipotua kutoka kwenye tuta, na kwamba sasa inarusha nyuma kama mbuzi aliyekata kamba huku ikiendelea kugonga chini vilevile. Umeuliza kama springi zimekufa. Kwa maelezo yako sidhani, kwani kosa hilo hilo nililifanya hapa Mwanza na lilinichukua karibu msimu mzima kulitambua.

Mkazo wa awali ni kiasi ambacho springi imekwisha kubanwa wakati shokapu imenyooka kabisa na gurudumu linaning'inia hewani. Wengi wetu tunadhani kwamba kuuongeza kunaifanya springi kuwa ngumu, jambo ambalo si kweli. Tuchukue springi inayodai kilo 5 ili ibonyee milimita 1. Ukiiwekea mzigo wa kilo 150 bila mkazo wowote wa awali, itabonyea milimita 30. Ukiikaza kwanza milimita 10, itakuwa tayari inasukuma kwa kilo 50, hivyo mzigo ule ule utaidumbukiza shokapu milimita 20 tu. Lakini ukijumlisha na zile 10 za mwanzo utaona kwamba springi yenyewe imebanwa milimita 30 kama awali, na kila milimita inayofuata bado inadai kilo zile zile 5. Kilichobadilika ni kimo cha kwadi.

Sasa tazama ulichopata na ulichopoteza. Ikiwa shokapu ina mwendo, yaani umbali inaoweza kubonyea, wa milimita 100, springi isiyo na mkazo ingefika mwisho ikiwa na nguvu ya kilo 500, na iliyokazwa ingefika na 550, yaani umeongeza sehemu moja ya kumi tu dhidi ya kugonga chini. Upande wa juu, nafasi ya shokapu kunyooka ili gurudumu lishuke shimoni imepungua kutoka milimita 30 hadi 20, ambayo ni hasara ya theluthi nzima. Gurudumu lisiloweza kushuka huacha ardhi, shokapu hugonga kikomo chake cha juu kwa kishindo, na kwadi hukosa mshiko hasa pale unapouhitaji.

Mimi nilijifunza hayo kwenye njia za Igombe na Kayenze, ambako mchanga wa ufukweni unakatizwa ghafla na mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kwadi niliinunua ikiwa imetumika, na fundi mmoja aliikaza shokapu ya nyuma kwa patasi na nyundo mpaka akakwangua meno ya nati. (Tafadhali tumia spana ya kulabu, tena baada ya kusafisha nyuzi kwa brashi na kuzipaka oili kidogo, kwa maana mchanga ukibaki humo alumini huliwa upesi.) Kwenye barabara yenye makunyanzi nyuma ilikuwa ikidunda na kuhama pembeni, nami nikaendelea kuilaumu oili ya shokapu, nikaibadilisha mara mbili bila faida.

Hatimaye nilichukua futikamba. Niliinua kwadi hadi magurudumu yakaning'inia, nikapima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama niliyoiweka kwenye fremu juu yake, kisha nikaishusha na kupima tena ikiwa peke yake, halafu nikapanda nikiwa na kofia, buti na maji mgongoni, kilo 93 kwa jumla, rafiki akapima mara ya tatu. Kwa kuwa misuguano ya bushi hudanganya, kila kipimo tulikichukua mara mbili, tukiikandamiza taratibu na kuiacha ipande, kisha tukiinyanyua na kuiacha ishuke, tukatumia wastani. Nyuma ilikuwa imedidimia milimita 5 kwa uzito wake na 45 nikiwa juu yake. Gurudumu la nyuma la kwadi yangu lina mwendo wa sentimita 25 hivi, na kianzio kinachokubalika kwa mbio za namna hii ni kudidimia karibu theluthi moja ya mwendo ukiwa umepanda, kwa hiyo nilihitaji takriban milimita 80. Nililegeza nati milimita 15 tu nikazipata, kwa sababu shokapu imefungwa kwa mikono inayozidisha mwendo wake kwenye gurudumu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mzunguko mmoja wa nati si jambo dogo.

Baada ya nyuma kushuka, usukani ukawa mzito kidogo kwenye kona, maana mbele palikuwa pamebaki juu. Hapo ndipo penye utata zaidi, kwa kuwa shokapu nyingi za mbele za mashindano zina springi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, laini na ngumu. Springi ya kilo 2 kwa milimita ikikaa juu ya springi ya kilo 6, zote mbili pamoja huwa na ugumu wa kilo 1.5 kwa milimita mpaka ile laini ifungane (mizunguko yake igusane), kisha ngumu hubaki kufanya kazi peke yake. Ukikaza nati milimita 12, ile laini humeza 9 na ngumu 3, hivyo laini itafungana mapema na mbele patakuwa pagumu kabla ya wakati. Hapa ndipo mkazo wa awali hubadilisha ugumu unaouhisi, na nadhani ndipo imani ile potofu ilipozaliwa. Upande wa kulia na wa kushoto uwe sawasawa, la sivyo kwadi itavuta.

Kwa hiyo anza kwa kulegeza, ukiandika idadi ya mizunguko. Ukifikia theluthi ukiwa umepanda lakini kwadi ikiwa peke yake haididimii hata kidogo, springi yako ni laini mno kwa uzito wako, nawe unahitaji ngumu zaidi yenye mkazo mdogo. Ikididimia sana peke yake, ni ngumu mno. Tibu kugonga chini wakati wa kutua kwa kuongeza kizuizi cha oili ndani ya shokapu upande wa kubana, mibofyo miwili miwili ya kirekebishi chake, baada tu ya kimo kukaa sawa. Tuletee hapa vipimo vyako vya mbele na nyuma, ukiwa umepanda na usipopanda, pamoja na uzito wako ukiwa na mavazi yote, tuvitazame.